Mke Wangu Alipokuwa Upande wa Pili wa Kamba

Nianze na gharama, kwani mtu anayeificha bei mwanzoni huwa na sababu zake. Jambo lote lilinigharimu mche mmoja wa sabuni ya kufulia, siku ambazo sabuni ilikuwa haipatikani hata kwa kujuana. Jogoo mmoja mwekundu ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuwika. Na ujirani wa Nikodemo kwa masika mawili. Nimehesabu mara mbili, hakuna kingine. Mshahara siuweki, maana sisi wahudumu wa afya wa kijiji hatukuwa nao. Tulipewa makofi kwenye mkutano wa kijiji, na aliyeongoza makofi alikuwa ameshasahau majina yetu.

Ninyi vijana mliopata semina Sumbawanga mjini, mkarudi na fulana na mabegi, mmeniomba niwaeleze tulivyokuwa tukiwashika mioyo watu waliotengwa kwa sababu ya ugonjwa. Mnaiita afya ya akili. Sisi hatukuwa na jina zuri namna hiyo. Tulisema tu kwamba fulani ameanza kuangalia ukuta. Mgonjwa anaharisha, anatapika, lakini macho yako mlangoni: huyo yuko kazini, anapambana. Akigeukia ukuta, acha ndoo zako hapohapo ukashughulike naye.

Kwanza mnijue. Nimekulia Kizwite, pale Sumbawanga, na kabla ya watu kukusanywa kwenye vijiji vya ujamaa nilikuwa mchuuzi wa chumvi na dagaa. Kijijini walinichagua kuwa mhudumu kwa sababu naongea sana. Kila kijiji kilitakiwa kutoa wawili, na wa pili akawa Nikodemo, jirani yangu, nyumba yake na yangu zikitazamana katika ule mstari tuliopangiwa. Yeye alichaguliwa kwa sababu hakuwepo mkutanoni kukataa. Mrefu, mpole, mkulima hasa. Ukimwuliza jina lake anafikiri kwanza.

Kipindupindu kilipotufikia, ghala la kijiji likafanywa kambi. Mwaka ule halikuwa na mahindi ya kuhamisha, kwa hiyo kazi ilikuwa rahisi. Bwana Afya, mtu wa Mbeya mwenye sauti ya kanisani, alikuja na gari kutoka mjini. Akazungusha kamba ya katani pande zote, akaweka beseni la dawa mahali pa kuingilia, akatoa amri. Ndani ataingia mganga wa zahanati peke yake. Sisi wahudumu tutafika kwenye kamba: tutaleta maji, uji, habari za nyumbani, na kuhakikisha ndugu hawaruki. Anayepona hatoki mpaka yeye mwenyewe arudi amruhusu.

Kisha akaondoka, na petroli ikaadimika mkoa mzima. Hapo ndipo kazi yetu hasa ilipoanzia. Watu walipona matumbo, wakakaa. Ruhusa yao iko Sumbawanga inasubiri petroli. Mtu mzima mwenye shamba na watoto, amekaa kwenye mkeka ndani ya ghala, anasikia watu wake wanatwanga ulezi kule ng'ambo, na hana la kufanya. Hapo ukuta unaanza kupendeza.

Kosa langu la siku ya kwanza ni hili. Ndani kulikuwa na Mzee Kalolo, mkubwa kwa umri kuliko wote kambini. Nilisimama kwenye kamba nikapaza sauti kama niko sokoni: "Shikamoo, mzee! Kunywa hayo maji ya chumvi na sukari, utapona!"

Nikarudia kwa sauti zaidi, nikidhani ni masikio. Mganga akachungulia mlangoni.

"Amekusikia," akasema. "Anasema hanywi maji ya mtu anayemsalimu amesimama. Anauliza yeye ni ng'ombe?"

Mnajua desturi yetu Wafipa, au basi bibi zenu wanaijua. Mkubwa hasalimiwi nawe umesimama. Unachutama, unakunja viganja, unapiga makofi polepole, naye anakujibu kwa makofi yake. Mimi Kifipa changu kilikuwa cha kupunguziwa bei tu, na makofi nilishayaacha siku nyingi. Nikodemo akaja na ndoo zake mbili, akazitua, akachutama kwenye nyasi zilizolowa, akapiga. Polepole. Akangoja. Akapiga tena. Mle ndani, baada ya kitambo, tukasikia makofi dhaifu yakijibu, kama mtu anayepangusa unga mikononi. Mganga akatutolea kikombe akakigeuza chini juu kutuonyesha. Kimekwisha.

Mshike hilo. Salamu ile haihitaji kugusana. Kamba haiizuii, ugonjwa hauipati, na aliyeko ndani analazimika kujibu, kwa hiyo anakumbuka kwamba bado ni mtu wa kujibiwa na kujibu. Jingine: kaa upepo ukitoka kwa mgonjwa kuja kwako. Upepo wa huku juu mnaujua. Ukikaa upande mwingine, mgonjwa atalazimika kupiga kelele ili akwambie jambo la siri, na hakuna anayepiga kelele za siri. Hilo nalo aligundua Nikodemo. Nilimwonea wivu tangu siku hiyo, nawaambia mapema msije mkadhani wivu wangu ulianzia kwa mke. Kijiji kizima kilikuwa kinajua kuongea naweza mimi, halafu mtu mmoja anapiga makofi tu, anamaliza.

Nikatafuta njia yangu, nikaipata. Nikaanza kupatana bei na wagonjwa. Mzee Kalolo alipoanza kuangalia ukuta, nikachutama kama nilivyofundishwa, nikapiga makofi yangu, nikamwambia, "Mzee, nina jogoo mwekundu nauza. Wewe ungemnunua kwa kiasi gani?"

"Sina haja ya jogoo."

"Sikukulazimisha. Nauliza bei tu, maana kuna mtu ananipa debe la ulezi."

Akageuka. Shingo kwanza, halafu bega. "Debe? Huyo mtu ana wazimu. Jogoo mwenyewe yule wa kwako, anayewika mchana?"

"Huyohuyo."

"Nusu debe. Na ni kwa sababu ya baba yako."

Kesho yake tukaendelea, na keshokutwa. Mzee akanywa maji, akala, akaja mpaka karibu na mlango ili anitukane vizuri. Mtu anayekataa bei yako ana mpango wa kuishi mpaka bei ishuke. Nilijisifu sana kwa dawa hiyo. Tatizo ni kwamba mimi nilidhani tunatibu, kumbe mwenzangu alikuwa ananunua. Siku aliyoruhusiwa alifika kwangu moja kwa moja na robo debe ya ulezi, akasema hiyo ndiyo bei tuliyoishia, akabeba jogoo. Kwa hiyo mkipatana na mgonjwa, muuzieni kitu ambacho hamna.

Sasa nije kwa Mama Leo.

Mke wangu anaitwa Oresta, lakini tangu Leokadia azaliwe ni Mama Leo, na mimi Baba Leo. Aliugua wakati wagonjwa wapya wameanza kupungua. Asubuhi alikuwa kisimani, adhuhuri nikawa nimempakia kwenye baiskeli kwenda kambini, amejifunga kwangu kwa khanga ili asianguke. Mganga akampokea kwenye kamba. Mimi nikabaki na khanga.

Bwana Afya alituachia sheria moja ambayo naifundisha mpaka leo: mhudumu hahudumii mtu wa nyumbani kwake. Ukimwacha mume awe mlinzi wa mkewe, saa yoyote atapita chini ya kamba. Ni sheria nzuri. Ni nzuri kabisa mpaka ikufikie wewe. Mimi nikabakishiwa upande wa wanaume, Nikodemo akachukua upande wa wanawake, na katikati kulikuwa na uwanja wa kutandazia mahindi. Niliweza kuona, kusikia siyo sana.

Tumbo lake lilipona haraka, mwanamke ana nguvu yule. Halafu akageukia ukuta.

Nilipika mwenyewe ugali wa ulezi na maharage, nikampa Nikodemo apeleke. Ukarudi kama ulivyokwenda. Nikapika tena, nikaongeza karanga. Ukarudi. Nikasimama upande wangu nikapaza sauti kuvuka uwanja: "Mama Leo! Kuku wa kijivu ametaga! Leokadia hajambo, yuko kwa shangazi yake! Mbegu zote ziko palepale, sijauza!"

"Sawa, Baba Leo."

Basi. Sauti ya mtu anayekujibu ili unyamaze.

Mganga akaniambia, bila kunipamba, kwamba hali hiyo ikiendelea hatatoka na miguu yake. Mtu aliyekaushwa na kipindupindu hana akiba, asipokula haichukui muda. Kwa hiyo mjue nilikuwa nangoja nini pale kwenye kamba. Nilikuwa nangoja kuona kama mke wangu atataka kuishi, na mwenye kazi ya kumtaka aishi hakuwa mimi.

Nikodemo akaja akachutama, akapiga makofi. Hakujibiwa. Akakaa chini kabisa, uso kwenye upepo, akatulia. Hakusema kitu. Nikajiambia, haya, mgonjwa wetu ameletewa kisiki. Nikagawa uji upande wangu, nikaosha ndoo, nikarudi, kisiki bado kipo. Mara nikaona Oresta amekaa, amejiegemeza mlangoni. Midomo inakwenda. Inakwenda kweli, siyo "sawa". Nikodemo ameinamisha kichwa. Halafu nikaona khanga imepanda usoni na mabega yanatikisika.

Nikaanza kuvuka uwanja.

"Baba Leo," mganga akaita. "Upande wako ni ule."

Siku ile alikula ugali wote. Niliupika mimi, nikautia karanga mimi, lakini kilichomfanya aule ni ukimya wa mwanamume mwingine. Mkiweza kunieleza ningefurahi namna gani bila kuumia, mnieleze, maana mimi vyote viwili vilikuja pamoja na kimoja kilikuwa na sauti kubwa zaidi.

Tukirudi nyumbani mimi na Nikodemo, nikamvaa.

"Kakwambia nini?"

"Kaniambia mambo."

"Mambo gani?"

"Yake."

"Nikodemo, yule ni mke wangu."

Akafikiri. "Ndiyo. Namfahamu. Ni jirani yangu."

Kesho yake nikaenda na mche mzima wa sabuni nilioutunza tangu nilipokuwa na biashara, nikamwekea mkononi. Akaunusa. Siku zile watu walikuwa wanafulia majivu, harufu ya sabuni ilikuwa inaweza kumtoa mtu machozi.

"Ya kwangu?"

"Ya kwako. Na sitaki maneno yote. Nusu yanatosha. Hata yale ya mwishomwisho."

"Sabuni nitawapelekea akina mama kambini," akasema, "wamechoka na majivu. Maneno ya kwenye kamba hayatoki kwenye kamba, kaka. Ukiniambia wewe ya kwako, na yenyewe hayatatoka."

Akaondoka na sabuni. Katika uchuuzi wangu wote sijawahi kutoa mali nikarudi mikono mitupu namna ile, na aliyenifanyia ni mtu asiyejua hata bei ya chumvi. Wala sikuweza kumdai. Ningesema nini? Kwamba nilitaka kununua siri ya mgonjwa na muuzaji amekataa? Jioni wanawake kambini walikuwa wamefua khanga zao zote, zimetanda juu ya kamba, na wanamsifu Nikodemo kwa ukarimu.

Baadaye kikaja kicheko. Niko upande wangu nabishana na wanaume juu ya bei ya jembe, nikasikia mtu anacheka ng'ambo, kicheko cha kutoka tumboni, kinakatika, kinaanza upya. Nikauliza nani huyo. Wakasema si mkeo? Sikuwa nimekitambua. Tulishaishi pamoja miaka kadhaa na nilikuwa simjui akicheka hivyo. Nikaenda mpaka katikati ya uwanja, sheria au si sheria.

"Mnacheka nini?"

Nikodemo akaangalia viatu vyake, na hakuwa amevaa viatu.

"Mambo ya hukuhuku, Baba Leo," Oresta akasema, bado anajifuta macho. "Shemeji huyu ana vituko."

Nikodemo, vituko! Mtu ambaye harusini kwake alilala.

Nitawaambia kitu ambacho semina haisemi. Mgonjwa akifunguka kwa mtu, wa nyumbani kwake wanaumwa, na maumivu yao hayana kambi. Mume atakuchukia, mama mkwe atasema umemroga. Muwatengee dakika chache na wao. Muwaulize na wao. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Gari la Bwana Afya likapata petroli hatimaye. Mikeka ikachomwa, kamba ikafunguliwa, watu wakatoka wakikunja macho kwa jua. Oresta akatembea na miguu yake mpaka nyumbani, akambeba Leokadia, akakaa kidogo. Halafu akasema, "Nataka kwenda kule tulikotoka."

Kule tulikotoka maana yake ni kiambo cha zamani, tulikokuwa kabla ya kuhamishiwa kijijini. Tulikwenda siku alipopata nguvu. Nyumba ilikuwa imeshuka yenyewe, matuta yetu yameota nyasi mpaka kiunoni. Tukatafuta mpaka tukaona mawe. Hapo amelala Emiliana, mtoto wetu wa kwanza, aliyekufa kabla ya kujua kutembea, miezi michache kabla ya lori la kutuhamisha. Lori lilikuja kwa haraka, tukapakia sufuria, kuku, vipande vya mlango, tukaondoka. Tangu siku hiyo jina la mtoto yule halikutajwa nyumbani kwetu. Mimi nilidhani namwonea huruma mama yake. Yeye alidhani nimesahau.

Tukang'oa nyasi. Akasema bila kuniangalia, "Haya ndiyo niliyomwambia shemeji."

"Kwa nini yeye kwanza?"

"Hakuniuliza kitu."

"Na mimi ningekuuliza nini?"

"Ungeuliza nimeanza lini kulia, na mara ngapi kwa wiki."

Ningeuliza hivyo kweli. Lakini sikilizeni. Mtoto yule alikuwa wangu pia. Nilimzika kwa mikono hii. Yale maneno nusu yake yalikuwa mali yangu, na Nikodemo aliyapata bure, kwa kukaa kwenye nyasi, wakati mimi nimesimama ng'ambo ya uwanja na nusu yangu tumboni, sina wa kumpa. Ndicho kilichoniuma. Watu wakisikia nilimwonea wivu jirani wanadhani mengine. Wivu ule ningeumaliza kwa ngumi mbili na kibuyu cha pombe.

Tukalia pale, yeye na mimi, na siku hiyo nilirudishiwa kilicho changu. Nikapata ujasiri.

"Na siku ile mlikuwa mnacheka nini?"

Akafunga khanga yake vizuri. "Hicho ni cha kambini," akasema, akatangulia njiani.

Sijaambiwa mpaka leo. Kilio nilipewa, kicheko sikupewa. Kwa masika mawili nilimpitia Nikodemo njiani nikimsalimu kwa kidevu. Yeye aliendelea kuchutama na kunipigia makofi kama kawaida, jambo ambalo ukiwa na hasira halisaidii hata kidogo. Kazi tulifanya pamoja, ya surua na ya kifua, nikabishana bei na wagonjwa nilioweza, nikamwachia wengine. Tulipozeeka mwanawe akamchukua kwenda kuishi naye Mwazye, na niliposikia ameondoka nilijiona nimeshinda kitu. Sikujua ni kitu gani.

Wiki iliyopita Leokadia, ambaye ana meza yake ya maharage sokoni Sumbawanga, alikuja na ujumbe wa huyo mwanawe Nikodemo. Mzee amepatikana na kifua kikuu. Dawa ameanza, ila hospitali imesema asichangamane na wajukuu mpaka wao waseme, kwa hiyo amewekwa chumba cha uani peke yake. Hali chakula. Haongei, na safari hii si kwa sababu anafikiri. Mwanawe anaomba mmoja wetu aende akakae naye mlangoni.

Nilimwangalia Oresta. Miguu yake imevimba, hata kanisani anapelekwa kwa bodaboda.

"Nenda wewe," akasema.

"Mimi? Nikamwambie nini?"

"Usimwambie. Kaa. Yeye amewakalia watu wote wa kijiji kile, aliyewahi kumkalia yeye ni nani?"

Nimekata tiketi ya basi. Kuchutama bado naweza, kuinuka ndiyo nitahitaji mtu. Upepo nitaupa uso. Lakini najifahamu. Nikodemo akifungua mdomo tu, kabla hajafika kwenye lile linalomwumiza, nitamwuliza kilichomchekesha mke wangu. Nimejaribu kuapa kwamba sitauliza, nikaona kiapo chenyewe hakina uzito.

Ndiyo maana nimewaandikia yote haya. Ninyi mmesoma. Mhudumu mwenye swali lake mwenyewe, lililomkaa kooni tangu ujana, anakwenda nalo vipi kwa mgonjwa? Nimwulize mara moja nilimalize, ili nibaki na masikio ya kumsikiliza? Au nikae tu, na akifa nalo, basi limekwenda? Naombeni mnishauri, na mnishauri upesi. Basi linaondoka Alhamisi.